Figo Zimerudi, Sasa Tazama Moyo

Siku mkojo unaporudi, kitanda kizima hupata wageni. Mgonjwa alikuwa amelala siku nne akitoa matone tu, baada ya kuhara sana, au malaria kali, au wiki nzima ya vidonge vya maumivu ya mgongo. Leo mfuko wa mkojo umejaa, kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, inashuka, daktari anaandika ruhusa. Nyumbani anapikiwa supu, anaambiwa apumzike, na habari ya figo inaishia hapo. Mimi naanzia hapo inapoishia, kwa kuwa kiungo cha kuchungwa sasa ni moyo, na mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani bila kuambiwa hivyo.

Figo mbili kwa pamoja uzito wake ni kama gramu 300, lakini hupokea karibu moja ya tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma ukiwa umetulia. Kwa ujirani wa namna hiyo, la mmoja haliwezi kukosa kumfika mwenziwe. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya panya: figo zao zilikatiwa damu kwa muda mfupi kisha zikarudishiwa. Ndani ya siku mbili seli za moyo zilikuwa zinakufa, hata kwa panya ambao uchafu wa damu yao haukupanda sana. Panya walioondolewa figo zote mbili kabisa, ingawa damu yao ilijaa uchafu, hawakuonyesha vifo vya seli za moyo kwa kiwango hicho. Maana yake ni kwamba kuna kitu ambacho figo iliyojeruhiwa inakirusha kwenye damu, mbali na takataka inazoshindwa kuzitoa.

Kinachorushwa ni ishara za uvimbe na homoni za kupandisha presha, hasa angiotensini. Ndani ya kila seli ya moyo kuna majiko madogo, mitokondria, nayo huchukua karibu theluthi ya nafasi yote ya seli, kwani moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku na unahitaji moto usiozimika. Kila jiko hutoa cheche kidogo, yaani molekuli kali za oksijeni, na mwili una vizimio vyake. Ishara za figo zikifika, cheche huongezeka. Takataka zilizobaki kwenye damu, kama indoksili salfeti inayotokana na protini iliyovunjwa na bakteria wa utumbo mpana, huzidisha. Vizimio vikielemewa, cheche hutafuna mafuta ya kuta za seli, hutafuna protini, halafu hutafuna jiko lenyewe, nalo jiko bovu hutoa cheche nyingi zaidi. Kwenye mishipa huimeza gesi ya naitriki oksaidi ambayo kazi yake ni kuilegeza mishipa. Mishipa inakaza, presha inapanda, moyo unasukuma kwa taabu. Hali hii ndiyo mkazo wa oksidesheni. Ni ndugu wa kutu kwenye bati: haina kelele, na ukiiona tayari imekwisha kula.

Basi ufanye nini?

Kabla hujatoka wodini, omba namba zako na uziandike kwenye daftari lako mwenyewe, usitegemee faili: kriatinini ya siku uliyolazwa na ya siku unayotoka, potasiamu, protini kwenye mkojo, na presha. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, ule wa KDIGO wa 2012, unataka mtu aliyeumia figo ghafla apimwe tena baada ya miezi mitatu, kuona kama amepona, amebakiwa na ugonjwa wa kudumu, au ugonjwa wa figo aliokuwa nao tangu awali umezidi. Uliza tarehe hiyo ukiwa bado na daktari mbele yako. Katikati ya hapo pima presha mara mbili kwa wiki, hata kwenye duka la dawa, ila kaa kimya dakika tano kwanza, miguu ikiwa chini. Ile ya kupimwa ukiwa umetoka kupanda ngazi huku unajibu simu haisaidii kitu.

Cheche zinaua polepole. Wiki za mwanzo wanaoua haraka ni wawili, maji na potasiamu. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, miguu ikivimba, au ukianza kuhitaji mito miwili ili upumue usiku, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Potasiamu ni mjanja zaidi, maana inaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila kutoa dalili yoyote. Miguu kuishiwa nguvu au moyo kurukaruka ni sababu ya kukimbilia hospitali, lakini ulinzi wa kweli ni kipimo cha damu. Na hapa inabidi niwaudhi wageni wa wagonjwa. Madafu na ndizi mbivu ni zawadi za heshima, ila glasi moja ya maji ya dafu inaweza kuwa na potasiamu sawa na ndizi nzima au kuizidi. Mpaka daktari aseme potasiamu iko sawa, dafu linywewe na mgeni mwenyewe. Viazi na mchicha vichemshwe kwenye maji mengi, kisha maji yamwagwe. Chumvi zinazouzwa kama mbadala kwa wenye presha nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, kwa hiyo soma kifungashio.

Dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni ziondoke nyumbani. Sisemi zipunguzwe. Hizi hubana mishipa inayolisha figo na hushikilia maji na chumvi mwilini, hivyo zinaumiza figo na moyo kwa mkupuo mmoja. Kwa kichwa au mgongo, uliza kuhusu parasetamo kwa kipimo sahihi. Muuzaji wa dawa mwambie kabla hajafungua kabati kwamba figo zako ziliumia. Na mkorogo nao uishe. Tangu 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wengi wa figo waliokuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi, na zebaki ndiyo iliyoshukiwa.

Sasa nifike kwenye lile linalouzwa zaidi. Mtu akisikia kwamba tatizo ni oksidesheni, moja kwa moja anataka kinyume chake kwenye chupa: vitamini C za kuyeyusha, vitamini E, juisi ya kusafisha figo, unga wa majani uliotumwa na shangazi. Hoja inaonekana haina kasoro. Imejaribiwa, na haikwenda hivyo. Jaribio la HOPE lililotolewa mwaka 2000 liliwapa vitamini E maelfu ya watu waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo, na moyo haukupata nafuu. Dawa ya bardoxolone ilitengenezwa mahususi kuamsha vizimio vya mwili vyenyewe. Ilijaribiwa kwa watu 2,185 wenye kisukari na figo zilizochoka sana, na mwaka 2012 jaribio likasimamishwa kwa sababu walioitumia walipata moyo kushindwa kufanya kazi zaidi kuliko waliopewa kidonge tupu. Vitamini C kwa gramu kila siku sehemu yake hugeuka oksaleti, fuwele zinazoweza kuziba figo hiyo hiyo unayotaka kuiokoa.

Watu wa pwani wenzangu, hapa pana birimbi pia, tunda chachu lenye oksaleti hiyo hiyo. Kipande kwenye mchuzi wa samaki hakina neno kwa mwenye figo nzima. Lakini Kerala, India, madaktari waliandika mwaka 2013 juu ya watu 10 waliokunywa juisi nzito ya birimbi kushusha kolesteroli, figo zikafunga. Anayekuuzia juisi kali ya kitu chochote cha kuchachuka kwa jina la tiba ya figo, mpite.

Njia inayofaa ni kuziba kinachotoa cheche. Presha ikishuka, kwa wengi chini ya 130/80, mishipa hupumua. Enalaprili na losatani huzuia ile angiotensini niliyoitaja, ila zinaweza kupandisha potasiamu, kwa hiyo daktari ndiye anayeamua zianze lini na damu ipimwe lini. Kama protini inaendelea kuvuja kwenye mkojo, au una kisukari, muulize pia kuhusu dapagliflozini: ilianza kama dawa ya sukari, na majaribio makubwa yameonyesha inalinda figo na moyo pia. Sigara na shisha ni cheche unazovuta kwa mdomo wako mwenyewe, sina la kuongeza. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hesabu yako ijumlishe vidonge vya mchuzi na ng'onda. Nyama kipande, isiwe sahani. Tembea.

La mwisho ni karatasi. Siku utakapohara au kutapika tena, baadhi ya dawa zako nzuri zinaweza kuwa mbaya kwa siku chache: za kukojosha, enalaprili, losatani, metformini, dapagliflozini. Usisubiri siku hiyo uanze kutafuta simu ya daktari usiku. Muulize ukiwa mzima: zipi nisimamishe, baada ya kuhara mara ngapi, ORS ninywe kiasi gani, na dawa nizirudie lini? Andika majibu kwa herufi kubwa, ubandike ndani ya mlango wa kabati, na umwonyeshe anayekaa nawe nyumbani ilipo.