Mwana Yuko Kambini: Na Baba Je?

Kila mwaka shule zifungapo, mwezi wa 6 na tena mwezi wa 12, wazazi wengi katika nchi yetu huulizwa swali moja: Je, mtoto wenu atakwenda kambini? Huenda waulizao ni walezi wa Utoto Mtakatifu parokiani, huenda ni Skauti, huenda ni shule. Wazazi hutoa mchango, humfungia mtoto shuka, sahani na sabuni, humsindikiza hadi kwenye gari, kisha hurudi nyumbani wakimshukuru Mungu kwa siku chache za utulivu. Hatuwalaumu, nyumba yenye watoto 6 yahitaji utulivu. Walakini leo twataka kunena habari ya kambi ya namna nyingine, ambayo mzazi haishii kwenye gari, bali hupanda naye, akalala huko pamoja na mwanawe. Na ili tuelewane vema, twawaomba wasomaji wetu wa Bukoba, wa Moshi na wa Mbeya waje nasi kwanza hadi kusini, Masasi na Newala, kwa maana watu wa huko wameijua shule ya kambini tangu kale.

Katika nchi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, mavuno yakiisha kuingia ghalani na mvua zikikoma, wazee hukata shauri la jando. Hujengwa kibanda porini, mbali na macho ya wanawake, ndiyo kumbi, ambayo Wamakonde huiita likumbi. Desturi ya kale ilikuwa hivi: wavulana walitahiriwa na ngariba, kisha wakakaa huko miezi mizima, wakipona na kufundishwa kuwinda, kutega, kustahimili baridi na njaa, kuwaheshimu wakubwa, kucheza ngoma, na mambo ya unyumba. Kila mwari alikuwa na mtu mzima wa kumwangalia, wa kumwosha kidonda na kumwonya. Mama alipika, na chakula kilichukuliwa kumbini na wanaume. Wazazi nao walifungwa miiko: iliwapasa kujitenga na unyumba mpaka mtoto apone, na kidonda kikichelewa kupona, walitazamwa wao kwanza. Siku ya mwisho kibanda kilichomwa moto, watoto wakaondoka mbio pasipo kugeuka nyuma, wakaogeshwa, wakavikwa nguo mpya, wakapewa majina mapya. Na midimu, yaani wacheza ngoma wenye vinyago usoni, wakatoka kuwachezea. Wasichana nao walikuwa na unyago wao pamoja na makungwi. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alistaajabia mambo hayo hata akayapiga picha na kuyaandikia kitabu.

Twayataja hayo si kwa kuwa twataka kila Mkristo arudi kumbini. Twayataja kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo kambi nyingi za leo zimelipoteza: mzazi hakuachwa nje ya shauri. Hata asipolala porini, mwili wake ulikuwa na sehemu katika malezi ya mwanawe. Alifunga, alipika, alingoja. Mlinganisheni na mzazi wa leo ambaye hajui hata jina la mlezi aliyemkabidhi mtoto.

Walakini upungufu nao ulikuwapo. Huko kusini ukoo hufuata upande wa mama, na mwenye neno juu ya mtoto alikuwa mjomba. Baba mzazi, hasa yule aliyeoa akakaa kwa wakwe, aliweza kuishi na mwanawe miaka 10 pasipo kuulizwa neno lolote zito. Tena mafundisho yenyewe yalifungwa kwa siri: mtoto alikatazwa kumwambia mama yake, na kumwambia asiyetahiriwa. Siri ya namna hiyo ilikuwa na heshima yake katika kijiji ambacho kila mwanamume alipita kumbi ile ile na kuyajua yaliyomo. Leo kijiji hicho kimetawanyika. Siri imebaki, na wenye kuijua maana yake wamekuwa wachache.

Misioni zilipofika zilipata taabu ya kweli juu ya jambo hili. Waanglikana wa Misioni ya Vyuo Vikuu walianza Masasi mwaka 1876. Wabenediktini wetu wakafungua Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906. Wote waliona kwamba kijana waliyembatiza huondoka siku moja akaingia porini, na arudipo amekuwa mtu wa wengine. Kukataza kulikuwa rahisi, ila hakukuwazuia wazazi. William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, alishika njia nyingine hata kabla hajawa askofu. Aliiacha kumbi iwe kumbi, akayaondoa matambiko na maneno machafu, akaweka sala, na akawataka Wakristo watu wazima wawe ndio walezi wa wari. Walikuwapo waliomsifu, walikuwapo waliomlaumu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati yake ya Liturujia ulikubali kwamba yale ya unyago wa makabila yapatanayo na ibada ya Kikristo yaweza kupokewa. Na mwaka 1965, katika tamko juu ya malezi, ukawataja wazazi kuwa ndio walezi wa kwanza. Walezi wa kwanza, ndugu wasomaji, wala si wasindikizaji.

Sasa mambo yamegeuka tena. Wazazi wengi huwapeleka wavulana hospitali, wakatahiriwa na mganga kwa kisu safi na dawa ya ganzi. Ni vema sana, wala asitokee mtu wa kutuambia turudi nyuma. Na jandoni kwenyewe watoto huingizwa wakiwa wadogo kuliko zamani, na muda umefupishwa ili ulingane na likizo ya shule. Matokeo yake ni nini? Kisu kimehamia hospitali, lakini mafundisho hayakupewa makao mapya. Mganga hufunga kidonda. Si kazi yake kumweleza mtoto maana ya kuwa mwanamume. Baba hudhani mwalimu amesema, mwalimu hudhani padre amesema, padre hudhani baba amesema. Mtoto huyapata kwenye simu.

Taabu hii si ya kusini peke yake, wala si ya Afrika peke yake. Mwaka 1926, mwaka ule ule Lucas alipofanywa askofu, Harold Keltner, mtumishi wa chama cha YMCA katika mji wa St. Louis, Marekani, alianzisha vikundi vya baba na mwana vya kukutana na kupiga kambi pamoja. Aliyemfumbua macho ni Joe Friday, mtu wa kabila la Waojibwe, mwongozaji wa wageni porini, aliyemwonyesha kwamba kwa watu wake baba humlea mwana mwenyewe, bali wazungu wa mjini huwaachia wake zao kazi hiyo. Skauti, iliyoanza kwa kambi ya Baden-Powell kisiwani Brownsea mwaka 1907, ilimtoa mtoto nyumbani; Keltner alitaka baba naye atoke. Baadaye mama na binti wakafunguliwa mlango. Mavazi na majina ya kuwaiga wenyeji wa asili wa Marekani yalileta manung'uniko ya haki, na mwanzoni mwa karne hii YMCA iliyaacha. Ila desturi ya mzazi kuingia pamoja na mtoto imedumu.

Tuseme basi parokia yenu, au majirani wa mtaa, wanataka kuanzisha kambi ya jinsi hiyo. Kabla ya kujiandikisha ulizeni kwanza kama kutasemwa lolote ambalo mzazi hapaswi kulisikia. Wakijibu ndiyo, rudini nyumbani. Kumbi ya kale iliweza kubeba siri. Kambi ya leo haiwezi, na mtu mbaya amtafutaye mtoto hupenda sana neno lile, "usimwambie mama". Tena ulizeni kama kuna kanuni kwamba mtu mzima asikae peke yake na mtoto asiye wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamlinda mtoto, lakini sheria haikeshi usiku hemani. Juu ya vyandarua na dawa hatuna haja ya kusema mengi. Juu ya maji twasema: juu kule Newala, mahali ambapo zamani akina mama waliteremka kwenye miteremko kutafuta ndoo moja, mwenye kuchagua uwanja wa kambi aanze na maji, ndipo atazame mandhari.

Usiku 2 watosha kwa mara ya kwanza. Kila mzazi na mtoto wake wapewe kazi moja, kuteka maji, kukata kuni, kusonga ugali wa muhogo. Mtoto aliyemwona baba yake akipuliza moto mpaka machozi yakamtoka amejifunza jambo ambalo hatulipati katika hotuba. Alasiri watembee: Newala hadi ukingo wa Shimo la Mungu, ambako bonde la Ruvuma hulala chini ya macho, Masasi kwenye ile milima ya mawe. Twasisitiza kutembea, kwa sababu baba wengi hawawezi kusema neno zito wakitazamana na mtoto uso kwa uso, ila wakienda bega kwa bega, macho yakiwa njiani, hulisema. Baba asije na gazeti, hata kama ni hili letu, na simu ibaki mfukoni.

Je, baba asiyejua aseme nini juu ya unyumba, juu ya mwili unaobadilika, juu ya kumheshimu msichana? Hapa twapendekeza kitu kimoja cha kumbi kibaki. Wazee wenye busara, na muuguzi, waketi na akina baba peke yao jioni ya kwanza, wawape maneno. Kesho yake kila baba ayapeleke kwa mwanawe kwa kinywa chake. Makungwi wafanye vivyo hivyo kwa akina mama. Hivyo ujuzi wa mzee haupotei, na mtoto hausikii kwa mgeni.

Watoto wasio na baba wasiachwe nyumbani. Mjomba, ambaye kusini hakuwa mgeni kamwe katika shughuli hii, aje naye. Asipokuwapo, mama aje mwenyewe, wala asichekwe na mtu. Mchango usizidi uwezo wa mkulima: unga na maharagwe kutoka kila nyumba vyaweza kutosha. Kwa Masasi na Newala twaona mwezi wa 6 ndio bora kuliko wa 12, maana mwisho wa mwaka watu wamo mashambani wakiokota korosho, na baba aliyeziacha korosho zake chini ya mti hatasikia neno lolote la kambini.