TUPIME HOTUBA KWA KUHESABU MANENO

Hotuba ya redioni hupita haraka. Tunaisikiliza, tunaisifu, na baada ya siku mbili tumesahau. Lakini ikichapishwa gazetini, sisi tunaojua kusoma tunaweza kuishika na kuipima. Leo tujifunze kipimo kimoja: kuhesabu maneno.

Kwanza, soma hotuba yote ukiwa na penseli. Yaache maneno kama "na", "ya" na "kwa". Hayo yamo mengi katika hotuba ya kila mtu. Tafuta maneno yenye uzito: kazi, maji, kodi, shule. Kila unapolikuta neno, piga alama moja kwenye daftari.

Pili, kusanya ukoo wa neno. "Tumelima", "mkulima" na "kilimo" ni ukoo mmoja. Ukiyahesabu mbali mbali, utadhani kiongozi hakugusa habari za shamba, kumbe kazitaja mara nyingi.

Tatu, tazama majirani wa neno. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Chukua Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967. Ndani yake neno "fedha" limerudiwa mara nyingi sana. Mtu anayehesabu tu atasema, kumbe TANU iliitegemea fedha! Siyo hivyo. Fedha inatajwa ili tuambiwe kwamba siyo msingi wa maendeleo. Azimio linasema yanatakiwa mambo manne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora.

Hebu sasa tulinganishe viongozi kwa neno moja, "kazi". Wakati wa Mwalimu Nyerere wito ulikuwa "Uhuru na Kazi". Jirani wa kazi ni uhuru. Nchi ilijitawala mwaka 1961, na kila mwananchi aliambiwa kujitawala siyo kukaa bure. Mwaka 2015 John Magufuli aligombea urais kwa wito wa "Hapa Kazi Tu". Jirani ni "tu", yaani mengine yawekwe kando. Alipofungua Bunge Novemba 20, 2015, alizungumza juu ya kutumbua majipu, maana yake kuwaondoa watumishi wabovu. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja na "Kazi Iendelee", yaani yaliyoanzwa yasiachwe. Neno ni lile lile, lakini ujumbe siyo mmoja.

Nne, mtafute mtendaji. Katika Kiswahili amekaa mwanzoni mwa kitendo. "Nitachimba kisima": anaahidi yeye. "Mtachimba kisima": kazi ni yenu. "Kisima kitachimbwa": na nani? Hakusema. "Tutachimba kisima": hapo tuwe macho! Hiyo "tu" yaweza kuwa yeye pamoja na sisi, au serikali peke yake. Mkutano unakwisha watu wamefurahi. Kijiji kinangoja serikali, serikali inangoja kijiji, na akina mama wanaendelea kubeba ndoo kutoka mtoni.

Basi usione haya. Nyosha mkono, uliza kwa heshima: "Ndugu Mwenyekiti, uliposema tutachimba, ni sisi akina nani? Tutaanza lini?" Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kuhesabu maneno hakutuambii kama kiongozi anasema kweli. Kunatuonyesha amekazania nini na ameacha nini. Kama kijiji hakina zahanati, na neno "zahanati" halikutajwa hata mara moja, hilo nalo tuliandike.

ZOEZI

1. Tafuta hotuba mbili za viongozi zenye urefu unaokaribiana. Andika maneno matano yaliyorudiwa zaidi katika kila moja.

2. Piga mstari chini ya vitendo vinavyoanza na "tuta-". Ni akina nani watakaofanya?

3. Ni shida gani ya kijiji chenu ambayo haikutajwa?

Fanyeni zoezi hili wawili wawili, halafu mlinganishe majibu.