Chama Kilichonyamaza

Wasomaji wetu, katika somo hili twataka kuwaeleza habari za chama kimoja cha siasa cha Marekani, Chama cha Katiba na Umoja, kilichozaliwa na kufa katika muda wa mwaka mmoja tu. Maisha yake yalikuwa mafupi, lakini mafunzo yake yamfaa kila mtu aketiye barazani kuamua mashauri ya watu.

Kwanza yafaa tujue hali ya nchi ile. Mwaka wa 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, na wengi wao walilima pamba katika majimbo ya kusini. Ile nguo ambayo wazee wetu waliiita merikani ilifumwa katika viwanda vya kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa, ikaletwa kwa merikebu mpaka Unguja. Watu wengi wa kaskazini hawakutaka utumwa uenee katika nchi mpya za magharibi. Watu wa kusini walishika kwamba ni haki yao kwenda huko na watumwa wao. Kwa ugomvi huo chama cha zamani cha Whig kilikuwa kimekwisha vunjika.

Basi wazee wa siasa, wengi wao waliokuwa wa Whig, watu wa kuhifadhi mambo ya kale wasiopenda mageuzi ya ghafula, wakakutana Baltimore mwezi wa Mei, 1860. Mmoja wa wakubwa wa shauri hilo alikuwa John J. Crittenden wa Kentucky. Wakamchagua John Bell wa Tennessee, ambaye mwenyewe alikuwa na watumwa, agombee urais, na Edward Everett wa Massachusetts awe makamu wake. Wakatangaza kwamba wao hushika mambo matatu tu: Katiba ya nchi, umoja wa majimbo, na kutimizwa kwa sheria. Habari za utumwa hawakuzitaja hata kwa neno moja. Kwa kuwa jina la Bell maana yake ni kengele, wafuasi wake walipiga kengele katika mikutano yao.

Watu hao hawakuwa wapumbavu. Waliogopa vita, na vita vilikuja kweli. Lakini walifuata methali isemayo, "Funika kombe mwanaharamu apite," wakadhani jambo lisilotajwa litapoa lenyewe.

Mwezi wa Novemba kura zikapigwa. Bell alipata majimbo 3, yaani Virginia, Kentucky na Tennessee, na kura za wajumbe 39 katika 303. Abraham Lincoln, ambaye chama chake kilisema wazi kwamba utumwa usienee, alipata 180, akawa Rais. Mwezi wa Desemba Crittenden alileta shauri la mapatano, likakataliwa. Majimbo ya kusini yakaanza kujitenga, na Aprili 1861 vita vikaanza.

Hapo chama kikatoweka. Bell alifuata upande wa kusini. Everett alishika upande wa umoja. Wana wawili wa Crittenden wakawa majenerali, George katika jeshi la kusini na Thomas katika jeshi la kaskazini. Vita vilidumu miaka 4, na watu zaidi ya 600,000 wakafa. Mwezi wa Desemba, 1865, Katiba ile ile ambayo chama kilitaka iachwe kama ilivyo ikabadilishwa, na utumwa ukafutwa katika nchi yote.

Sasa tufikiri. Watu wawili wakigombania mpaka wa shamba, mzee akawaambia, "Kaeni kwa amani," asiende kuutazama mpaka, je, amekata shauri? Hakukata, ameliahirisha tu, na mavuno yajayo watakuja na mapanga. Tena mwenye kudhulumiwa haoni amani katika kimya hicho. Wale watumwa milioni 4 hawakuulizwa na mtu kama wao nao waliipenda amani ya namna ile.

Umoja ni jambo jema, na sheria ni jambo jema, lakini havisimami juu ya neno lililofichwa. Wahenga wetu walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."