Pesa za Benki Kubwa Zikifika Kijijini



Tukitembelea vikundi, swali moja hurudi kila mara. Barabara inakuja, ama bomba la maji, ama laini ya stima, na kwenye bango la mradi kuna jina la benki ya ng'ambo. Mama mmoja anainua mkono: "Hizo pesa ni zetu ama ni zao? Na nyumba yangu ikibomolewa nitamwendea nani?" Tumeona tulichukue swali hilo liwe somo letu. Someni pamoja, tena polepole, na mwenye kujua kusoma amsomee mwenzake.

Benki ya maendeleo si kama ile ya mjini mnakoweka akiba ya kikundi. Yenyewe hukopesha serikali, na mara nyingine makampuni, kwa kazi kubwa ambazo benki ya kawaida haiwezi kuzingoja miaka mingi. Benki ya Dunia ilianza mwaka 1944. Mkataba wa kuanzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika ulitiwa sahihi Khartoum mwaka 1963, na makao yake yako Abidjan. Ziko pia za Ulaya. Riba yao mara nyingi ni ndogo, lakini mkopo ni mkopo. Anayelipa ni serikali, na serikali hulipa kwa ushuru, pamoja na ule unaokatwa ukinunua sabuni ama kadi ya simu. Kwa hivyo usiende kwenye mkutano wa mradi kama mtu aliyealikwa karamu kwa jirani, anayeona haya kuuliza chumvi. Wewe ni mmoja wa wanaolipa.

Sasa haki zinaingia wapi? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya, makao yanayofaa, chakula cha kutosha, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii. Maneno mazuri sana. Lakini maji safi yanataka bomba na pampu, na afya inataka zahanati yenye dawa na muuguzi. Hapo ndipo pesa ya mkopo inaweza kuifanya haki iliyoandikwa kuwa haki ya kunywa na kulala chini yake. Taabu ni kwamba mradi ule ule unaompa mmoja maji ama stima unaweza kumnyang'anya mwingine nyumba.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, kuna mvuke wa ardhini unaotoa stima. Kituo cha Olkaria IV, chenye nguvu ya megawati 140, kilijengwa na KenGen kwa mikopo ya benki kadhaa, zikiwemo Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Ili kijengwe, familia za Wamaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa mwaka 2014. Hawakutupwa tu kando ya barabara, hilo tuliseme wazi. Walipewa ardhi mpya, nyumba za kudumu, shule na zahanati. Ukisoma karatasi ya mradi ungesema haki za Kifungu cha 43 zimetimizwa zote.

Lakini walipofika huko wengine walilalamika. Ardhi ina makorongo. Barabara ilikuwa mbaya. Hati ya ardhi ilichelewa. Wako waliosema waliachwa nje ya orodha ya wanaostahili nyumba, na waliokuwa wakipata riziki kwa watalii sasa walikuwa mbali na watalii. Mwaka huo huo wa 2014 malalamiko yalipelekwa kwa benki hizo mbili. Wachunguzi walikuja. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilitoa ripoti mwaka 2015, na moja ya mambo liliyoona ni kwamba katika mashauriano lugha ya Kimaa haikutumika vya kutosha, wala wazee hawakupewa nafasi yao. Fikirini hapo kidogo. Nyumba zilijengwa kwa mawe, lakini kilichoharibika kiliharibika mkutanoni, kabla jiwe la kwanza kuwekwa. Baada ya hapo palikuwa na upatanishi, na mwaka 2016 jamii na KenGen walitia sahihi makubaliano juu ya mambo kama barabara, nyumba na hati.

Miaka miwili ya kusumbuka, basi, kwa mambo ambayo yangeweza kuulizwa mapema. Hatusemi ni kosa la wanakijiji. Tunasema tujifunze kwa jasho lao.

Jambo la kwanza kabisa ni orodha. Kabla ya kuhamisha watu, mradi huhesabu nyumba, mashamba na miti, na huwekwa tarehe ya mwisho. Atakayejenga baada ya tarehe hiyo hahesabiwi. Lakini aliyekuwepo kabla yake na akasafiri kwenda mazishi siku ya kuhesabu, yeye ana haki, mradi aseme mapema. Kijana aliyeoa na kujenga boma lake kando ya baba yake aandikwe kivyake. Mjane aandikwe kwa jina lake, si la shemeji. Orodha ikibandikwa kwa chifu, kikundi kizima kiende kuisoma, si mwenyekiti peke yake.

La pili watu wengi hawalijui kabisa. Kwa kanuni za Benki ya Dunia, hata asiye na hati ya ardhi hulipwa nyumba yake na mali aliyoiweka hapo, na husaidiwa kuhama. Na nyumba hulipwa kwa gharama ya kujenga nyingine, bila kupunguza kwa sababu mabati yameshika kutu. Mtu akikwambia "hii nyumba yako ni kuukuu, thamani yake ni kidogo," mwombe akuonyeshe kanuni anayoifuata. Malipo yaje kabla ya tingatinga, si baada.

Tena Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ombeni mpango wa kuhamisha watu, mwombe pia maelezo yake kwa lugha mnayoielewa. Nabothi wa Biblia alishikilia shamba la baba zake, lakini hakuwa na ofisi ya kuandikia barua. Sisi tunayo.

Mkinyamaziwa na ofisi ya mradi, andikeni kwa benki yenyewe. Ikikosa kujibu vizuri, kuna Jopo la Ukaguzi, lililoundwa mwaka 1993. Watu wawili wanatosha kulalamika. Hakuna ada, barua ya kawaida inatosha, Kiswahili kinakubalika, na mwenye kuogopa anaweza kuomba jina lake lifichwe. Lakini msidanganyike: Jopo si mahakama, halilipi mtu fidia. Huangalia kama benki ilifuata kanuni zake. Benki ya Maendeleo ya Afrika na ile ya Ulaya nazo zina madirisha yao ya malalamiko. Msingoje mpaka mkopo ufungwe.

Kwa mkutano wenu ujao, karani afungue daftari jipya. Aandike tarehe ya kila mkutano wa mradi, nani alisema nini, na ahadi gani ilitolewa. Wasiojua kuandika waweke kidole. Kisha jadilianeni: katika eneo letu kuna mradi gani wenye bango la benki? Nani kati yetu amewahi kuona karatasi zake? Orodha ikiletwa kesho, ni nyumba ya nani itakayosahauliwa, na nani atakwenda kumwambia leo jioni?