Somo la Robo Hii: Nzi wa Nyumbani na Nzi Chuma

Kikundi cha wafugaji wa kuku Kinyerezi kilipoomba kufuga funza, mzee mmoja wa usharika aliuliza, "Miaka yote tunafukuza nzi, leo tuwafuge?" Swali ni la haki, na tunalijibu kabla fedha hazijapitishwa.

Nzi wa nyumbani tunamfahamu. Hutoka chooni au jalalani na kutua kwenye sahani ya mtoto. Hana meno, hivyo hutema mate juu ya chakula ndipo akifyonze. Kwa njia hiyo, na kwa miguu yake, husambaza vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Katika joto la Dar es Salaam, yai lake huweza kuwa nzi kamili kwa siku 10 hivi.

Nzi chuma, ambaye asili yake ni bara la Amerika, ni mweusi na mrefu, na ukimwona utadhani nyigu, ila hana mwiba. Akishaota mabawa hahitaji kula. Huishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea akiwa funza, hutaga mayai kama 500, kisha hufa. Jikoni hana shughuli. Hata mayai hatagi juu ya taka bali kwenye nyufa kavu zilizo karibu. Ndiyo maana wafugaji humwekea vipande vya mbao vyenye mianya.

Faida iko kwa funza wake. Hula maganda na mabaki ya sokoni kwa wiki mbili au zaidi, kisha hutambaa wenyewe kutafuta pakavu, na mfugaji huwakinga kwa ndoo. Wakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini, hivyo huweza kushika sehemu ya nafasi ya dagaa kwenye chakula cha kuku. Kwa anayenunua dagaa kila wiki, hilo si jambo dogo.

Lakini taka zikirundikwa kuliko funza wanavyoweza kula, atakayewahi kutaga ni yule wa nyumbani, na majirani watakuwa na haki ya kulalamika, hasa kwenye viwanja vilivyobanana. Kwa hiyo tunaomba kila kamati, kabla ya kusaini, ikague banda la chandarua, mfereji wa maji ya taka, na jina la mtu atakayepima taka kila siku.