Masika haya, usimwache sato peke yake bwawani

Masika yanakaribia, na waliochimba bwawa nyuma ya nyumba wakati wa kiangazi sasa wanatafuta vifaranga. Wengi watanunua sato peke yao, na sababu zao zina uzito: sato hula mwani unaoota bwawa likiwekwa samadi, hakatai pumba za mahindi wala mashudu, na sokoni hahitaji kupigiwa debe. Wakishauriwa kuongeza kambale, hujibu kwamba kambale hula samaki wenzake, kwa hiyo hawezi kufugwa na sato. Ni kweli hula wenzake. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo inayomfanya awe mwenza bora wa sato katika bwawa dogo, ilimradi mfugaji azingatie ukubwa na idadi.

Adui wa kwanza wa bwawa la sato ni uzazi wa sato mwenyewe. Katika bwawa dogo anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, na uzito wa gramu 30 hadi 50 tu. Jike huatamia mayai mdomoni na kuwalinda watoto humohumo mpaka waweze kujitegemea, ndiyo maana wengi huokoka. Na maji yakiwa ya vuguvugu, huzaa tena baada ya wiki chache. Bwawa lililopandikizwa samaki 400 hujikuta lina maelfu, wote wakigombea chakula kilekile na hewa ileile. Mama naye hudumaa, kwa kuwa karibu hali chochote muda wote anaoatamia. Siku ya kuvuna, kimia hutoka kimejaa visamaki ambavyo mnunuzi havitaki. Kuongeza chakula hakutibu tatizo hilo, kwa sababu chakula hicho huwanenepesha pia wasiohitajika.

Kambale huukata mnyororo huo kwa kuwala watoto wa sato wanapoanza kuogelea wenyewe. Hapo anapata protini ambayo mfugaji hakuinunua, na mwisho wa msimu naye ni samaki wa kuuzwa. Hewa ya majini haimgombanishi sana na sato, maana ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji. Kinachotakiwa ni kipimo. Kambale humeza windo zima, kwa hiyo sato aliyemzidi kimo hamuwezi. Anza na sato, wawili kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 20 litapokea 400. Subiri mwezi mmoja hadi miwili wakue, ndipo uingize kambale walio wadogo kuliko sato waliomo, mmoja kwa kila sato 10 hadi 20. Kwa bwawa hilo ni kambale 20 hadi 40. Wachague wanaolingana wao kwa wao, kwani kambale mkubwa humla hata ndugu yake mdogo.

Wapo watakaosema kuwa vifaranga wa jinsia moja, yaani madume watupu, wameondoa haja ya kambale. Vifaranga hao ni wazuri, kwani dume la sato hukua haraka kuliko jike, na anayewapata kwa bei anayoimudu awanunue. Hata hivyo, kugeuza jinsia kwa homoni si kazi inayofanikiwa kwa kila kifaranga, na majike wachache waliopenya wanatosha kulijaza bwawa. Kutenganisha kwa mkono kunadai jicho lenye uzoefu, na makosa hayakosekani. Aidha, perege wa mtoni huweza kuingia na maji ya mfereji. Kambale ni kinga dhidi ya mianya yote hiyo mitatu. Wengine wanahofu kwamba kambale akikua atawageukia sato wakubwa. Hatari hiyo hutokea hasa kambale anapoingizwa mapema mno, au anapobaki kwenye matope baada ya mavuno na kuwasubiri vifaranga wa msimu mpya. Ndiyo maana bwawa likaushwe kabisa kila baada ya kuvuna.

Hoja hii haimhalalishi kila samaki anayekula wenzake. Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, alichangia kwa kiasi kikubwa kupotea kwa aina nyingi za furu. Bwawani hafai: huhitaji hewa nyingi majini, na akikua humeza hata sato wa kuuzwa. Usichanganye pia sato na aina nyingine za perege, kwa sababu huzaliana na kuharibu mbegu. Sato mwenyewe ni mgeni katika mito na maziwa yetu mengi, na akitoroka anaweza kuwabana perege wa asili. Kabla ya kununua, muulize ofisa uvuvi wa wilaya yako ni mbegu gani inayoruhusiwa katika bonde la mto wenu.

Mvua ndizo zitakazoujaribu mpango huu. Maji yakifurika, kambale hutambaa juu ya ardhi yenye unyevu na kuondoka, na sato hufuata mkondo. Nyanyua kingo angalau sentimita 30 juu ya usawa wa maji, weka wavu wa matundu madogo kwenye njia ya kuingizia maji na ya kuyatolea, na chimba mtaro wa kukinga maji ya mlimani yasiingie bwawani. Agiza vifaranga wa sato sasa, na uweke oda ya kambale kwa mwezi ujao au unaofuata. Ukiwanunua wote siku moja, utakuwa umewanunulia kambale chakula.