Kuitunza Kompyuta Kuukuu

Nyumbani kwetu Olbalbal tunayo kompyuta ya mezani ya mwaka 2009. Ndani yake mna daftari la mifugo ya baba: ng'ombe yupi amezaa, yupi amechanjwa, na lini. Watu hudhani kompyuta hufa kwa uzee. Kwetu adui wake ni vumbi. Huku ndiko yanakoishia maji ya Korongo la Oldupai. Matope yakikauka, upepo wa kiangazi huyainua, laini kama unga. Vumbi huziba feni, joto hupanda, mashine hujizima.

Basi kila likizo huichomoa kwenye umeme wa jua, nikafungua ubavu wake, nikaishika feni isizunguke, nikapangusa kwa brashi kavu ya rangi. Maji kamwe!

Tena imo betri ya volti 3, mviringo kama sarafu, iitwayo CR2032, itunzayo saa wakati mashine imezimwa. Ilipochoka, tarehe ilirudi 2009, na ndama wa juzi akaandikwa amezaliwa kabla ya mama yake. Baba alicheka, mnunuzi hakucheka. Betri mpya tulinunua Karatu.

Windows 7 iliyomo iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo hatuiungi na intaneti. Nakala ya daftari imo katika flashi, sandukuni mwangu hapa bwenini.